Majaribio ya kivinjari yahakiki kinachomfikia mtumiaji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waandaaji wa programu wanaoandika majaribio ya kivinjari yanayojiendesha, yaani msimbo unaofungua kurasa, kujaza fomu na kubofya kama mtumiaji, kisha kuhakiki matokeo. Wengi wetu tunahesabu wingi wa vitu vinavyohakikiwa na kuuita ubora. Swali la kujiuliza ni moja tu: jaribio hili likifeli sasa hivi, tutasitisha kutoa toleo jipya? Kama hatutasitisha, uhakiki huo hauna kazi.

Chukua fomu ya agizo. Jaribio linaijaza, linabofya "Lipa", kisha linahakiki kwamba neno "Asante" limeonekana. Litapita hata seva isipohifadhi kitu, iwapo neno hilo linaonyeshwa bila kusubiri jibu lake. Hakikini namba ya agizo, hakikini kwamba jumla ni ile iliyokuwa kikapuni, halafu pakieni upya ukurasa wa maagizo muone kama agizo bado lipo. Hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa kabla ya kupakia upya huenda mnatazama kilicho kwenye kumbukumbu ya kivinjari tu. Rangi ya kitufe achaneni nayo. Hesabu za kodi zipimwe kwenye majaribio madogo ya msimbo, ambayo huisha kwa milisekunde.

Mtego mkubwa ni kuhakiki kutokuwepo: "ujumbe wa kosa hauonekani." Kitufe kikishabofywa tu, seva haijajibu bado, na ujumbe kweli haupo. Jaribio linapita papo hapo. Sekunde mbili baadaye kosa linajitokeza na hakuna anayelitazama. Subirini kwanza dalili kwamba kazi imekwisha, kama ile namba ya agizo, ndipo mhakiki kwamba hakuna kosa.

Wala msisubiri kwa sekunde zilizopangwa. Mashine ikielemewa, sekunde tano hazitoshi. Ikiwa nyepesi, zinapotea bure katika kila jaribio. Zana ya majaribio haya iitwayo Playwright hurudia uhakiki yenyewe hadi sekunde 5 na ile ya Cypress hadi 4, msipobadilisha mipangilio. Kwa Selenium, zana nyingine, inabidi muandike wenyewe kile cha kusubiri. Hata kwenye Playwright, mkisoma maandishi kwanza, mkayaweka kwenye kigezo na kuyalinganisha baadaye, hakuna kinachorudiwa. Mkisahau neno "await", linaloagiza msimbo usubiri hatua imalizike, jaribio linaweza kumalizika kabla uhakiki haujatoa jibu.

Picha za skrini zinazolinganishwa pikseli kwa pikseli zifanyike kwenye mfumo endeshi uleule, maana fonti huchorwa tofauti kutoka mfumo hadi mfumo.

Jaribio jipya likishapita, haribuni programu kwa makusudi: zimeni mstari unaohifadhi agizo, mliendeshe tena. Likipita tena, liandikeni upya kabla ya kuliingiza kwenye hazina ya msimbo.

Msomaji wako,
Mpimaji wa programu