Tupeni joto la udongo, tarehe ya kupanda maharage haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie ushauri ambao kurasa za kilimo huurudia kila majira ya baridi yanapoelekea ukingoni: tarehe ya kupanda maharage. Mkulima hutajiwa wiki fulani ya mwezi fulani, basi, kana kwamba udongo wa mfinyanzi bondeni na kichanga cha mteremko unaotazama jua hupata joto siku moja. Tarehe inafaa kwa kutafuta mbegu na kulima shamba mapema. Siku yenyewe ya kupanda huamuliwa na vitu viwili, joto la udongo na unyevu wake, na vyote viwili mkulima anaweza kuvipima mwenyewe.

Chomeka kipimajoto sentimita 5 ardhini, pale pale mbegu itakapokaa, ukisome kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Kipimo cha mchana kinadanganya: jua la saa chache hupasha tabaka la juu tu, na usiku baridi hurudi. Rudia siku nne au tano mfululizo. Kipimo cha asubuhi kikishikilia nyuzi 15 za Selsiasi au zaidi, na mvua ya baridi haitarajiwi siku mbili tatu zijazo, panda. Katika nyuzi 15 maharage huchukua kama wiki mbili kuchomoza. Katika nyuzi 25 huchukua kama siku 8. Chini ya nyuzi 10 hayaoti. Wengi hudhani mbegu iliyowahishwa itatulia chini ikisubiri joto. Haisubiri, inaoza.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ndiyo inayoelekeza mambo mengine yote. Mbegu kavu ya maharage hufyonza maji kwa kasi sana saa za mwanzo. Maji hayo yakiwa ya baridi, tando za seli hazijiungi vizuri, sukari iliyomo huvuja udongoni, na kuvu na vimelea vya kuozesha vya udongoni, kama Rhizoctonia na Pythium, hukuta karamu. Mbegu iliyokauka kupita kiasi huumia zaidi, na zile nyeupe kwa kawaida huathirika kuliko za rangi kwa sababu ganda lao hupitisha maji haraka. Kwa hizo ni salama kungoja nyuzi 18. Kwa hiyo saa 24 za kwanza zina uzito kuliko wiki inayofuata. Kupanda asubuhi ya siku yenye jua kuna faida kubwa kuliko kukimbizana na mvua ya baridi ya jioni.

Hapo pia ndipo ushauri wa kuloweka mbegu usiku kucha unapokwama. Maharage yaliyolowekwa hukosa hewa na ngozi hupasuka, na kinachovuja ndicho kile kile kinacholisha kuvu. Ukitaka mbegu iwahi, pasha udongo: funika tuta kwa plastiki wiki mbili kabla ya kupanda, au inua matuta ili maji yatoke, kwa kuwa udongo uliolowa huchelewa kupata joto.

Kuhusu jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha umande, hesabu ni rahisi. Udongo ukiwa umeshapata joto, unaweza kupanda hata wiki moja kabla ya siku ambayo jalidi la mwisho hutarajiwa, kwa sababu mche bado utakuwa chini. Ukishachomoza umebeba majani ya mbegu na ncha yake ya kukua juu ya ardhi, na jalidi likiupiga hakuna kichipukizi kilichobaki chini cha kuufufua. Maharage makubwa bapa ya jamii ya Vicia faba ni habari nyingine kabisa: majani yake ya mbegu hubaki ardhini, na huota hata katika nyuzi 5 hivi. Magazeti huyaita yote maharage, na msomaji anachukua tarehe ya haya na kupandia yale. Mkilitenganisha hilo tu, mtakuwa mmeokoa mbegu nyingi.

Kuchelewa sana nako kuna gharama. Aina fupi za kichaka huanza kutoa maua siku 35 hadi 45 baada ya kupandwa. Joto la mchana likizidi nyuzi 30 wakati huo, na usiku nao ukawa wa joto, maua hupukutika na maganda yanayofunga huwa na punje chache. Hesabu basi mbele kutoka siku unayotaka kupanda, uone maua yataangukia hali gani ya hewa, na mavuno makavu, baada ya siku 65 hadi 90 kwa kufuata aina, yataangukia jua au mvua.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Chimba sentimita 10, chukua konzi ya udongo, ufinyange, kisha uusukume kwa kidole gumba. Usiposhikana kabisa, ni mkavu mno. Ukishikana kisha ukamomonyoka, panda. Ukinyooka kama utepe na kung'aa, kaa pembeni. Ukiukanyaga sasa utashindiliwa na mizizi itabanwa msimu mzima. Mahali pasipo na baridi kali, kipimo hiki ndicho kinachoamua: mvua ya kwanza iliyolowesha sentimita 5 tu huotesha mbegu kisha huiacha ife kwa kiu. Subiri unyevu ufike walau sentimita 20.

Kina cha kupanda ni sentimita 3 kwenye mfinyanzi na 5 kwenye kichanga. Haraka za kufukia chini zaidi kwa kuogopa ndege hazilipi, kwani mche wa maharage hutoka umepinda shingo, ukivuta majani mawili mazito ya mbegu. Mvua kubwa ikifuatiwa na jua kali hutengeneza ukoko juu ya udongo, na shingo hizo hukatika kwa mamia. Ukoko ukijifunga kabla ya kuchomoza, uvunje kwa reki kidogo kidogo, meno yasizame zaidi ya sentimita 1, au ulainishe kwa maji mepesi jioni.

Nafasi kwa aina fupi ni sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mbegu. Hiyo ni mimea 20 kwa mita mraba, au 2,000 kwa eneo la mita 10 kwa 10. Yanayotambaa yapewe sentimita 75 kati ya mistari na 20 hadi 25 kati ya mimea, na miti ya mita 2 au zaidi isimikwe kabla au mara tu baada ya kuota, mizizi isije ikajeruhiwa.

Kiasi cha mbegu hakikadiriwi kwa macho, maana punje za aina moja zinaweza kuwa na uzito mara mbili ya nyingine. Pima punje 100. Zikiwa gramu 40, mimea 2,000 inahitaji gramu 800, kama zote zingeota. Kujua ngapi zitaota, viringisha punje 100 katika kitambaa kibichi kisichochuruzika, weka mahali penye joto la kawaida, hesabu siku ya 7 zile zenye mzizi na kichipukizi kizima. Zikiota 85, gawanya: 800 kwa 0.85, takriban gramu 940. Zikiwa chini ya 70 tafuta mbegu nyingine. Kuongeza wingi hakuondoi udhaifu, na udongo una baridi kuliko kile kitambaa.

Samadi mbichi isitiwe majira haya. Harufu ya kuoza huwavuta nzi wa Delia platura, ambao funza wao hutoboa mbegu kabla haijachomoza, na udongo baridi huwapa muda wa kutosha. Tumia iliyooza kabisa, au iliyofukiwa msimu uliopita. Mbolea ya dukani ya kupandia isiguse mbegu, kwa kuwa chumvi yake huunguza mzizi mchanga: iwe sentimita 5 pembeni na 5 chini yake. Nitrojeni nyingi hunenepesha majani na kudumaza vinundu vya mizizini, ambamo bakteria huupatia mmea nitrojeni ya hewani. Mahali ambapo maharage hayajapandwa kwa miaka mingi, paka mbegu bakteria wa Rhizobium waliotengenezwa kwa ajili ya maharage ya kawaida, kivulini, na upande siku hiyo hiyo. Dawa nyingine za kuvu huwaua bakteria hao, kwa hiyo soma kibandiko kwanza.

Siku zilizotarajiwa zikipita na mistari ikabaki na mapengo, fukua mbegu kumi kabla ya kulaumu aliyekuuzia. Iliyolainika na kunuka imeoza kwa baridi au maji: subiri joto lipande kabla ya kurudia. Yenye matundu na funza inakuonyesha samadi. Shingo iliyokatika chini ya udongo mgumu ni ukoko. Ngumu kama ilivyoingia ni ukavu, nayo huenda bado ni nzima. Mche uliotoka bila ncha ya kukua, mara nyingi mbegu yake ilipigwa vibaya wakati wa kupura, hautapona, ung'oe. Mapengo yazibwe kabla mimea ya jirani haijatoa jani lake la kwanza la vipande vitatu. Baada ya hapo mbegu mpya itakulia kivulini na kuchelewa kukomaa, na ni nafuu kuiacha mimea iliyopo itanuke.

Msomaji wenu, mkulima wa maharage