Shoga yangu, ongea na mjomba kabla ya maulidi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh shoga yangu. Habari za Dodoma, watoto hawajambo, shemeji je? Sisi huku wazima alhamdulillah, bibi mguu unamsumbua lakini yupo, anakusalimu sana na anauliza zabibu alizoahidiwa zimefika wapi. Ngamiani joto, vumbi, umeme unakuja unaondoka, ndo kama ulivyopaacha. Tumekaa kimya muda mrefu ila leo nina jambo na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Mama Swaumu, maana yeye ataanza na lawama.

Ni maulidi ya chuo chetu cha Qur'ani. Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ndo huo unaingia, kamati imeshakaa kikao cha kwanza, turubai litafungwa palepale nyuma ya msikiti, watoto wameshagawiwa sura za kusoma. Na yule mjukuu wa jirani, yule uliyemwanzisha alifu mwenyewe akiwa hata meno ya mbele hana, kakataa kusoma. Kakataa kabisa. Ustadh kamwita kwa upole, bibi yake kamwahidi viatu, wapi. Anasema atabeba maji ya kunawa, atapanga majamvi, kazi yoyote, kusoma hapana.

Mwaka jana ulikuwa umeshahama, labda uliona ile vidio tu, na vidio haioneshi kitu. Alipewa sura ya Wadhuha, aya 11, akawa anaisoma uani kwao asubuhi na jioni mpaka mi nikifua naifuatisha. Siku yenyewe kapandishwa jukwaani, maiki imefungwa kwa kimo cha emsii mtu mzima, yeye inamfika kwenye paji la uso, na watu wote wale hakuna aliyenyanyuka kuishusha. Kasimama kwa ncha za vidole akaanza hivyohivyo. Audhubillahi safi, bismillahi safi, hee ya wadhuhaa inatoka kooni kabisa, madda zote, zile za kuvuta sauti, zimekaa mahali pake, nikasema leo huyu anaondoka na zawadi. Sasa wewe unaijua ile sura ilivyo. Kuanzia ya kwanza mpaka ya nane zote zinaishia na aa, halafu ya saba na ya nane zote mbili zinaanza na wawajadaka, mtoto akishtuliwa pale hajui tena yuko ya ngapi. Na palepale ndo waliposhtua. Yuko kwenye alam yajidka yatiiman, mama mmoja kapanda na vigelegele kamchomeka noti mfuko wa kanzu, mwingine kamwekea chini ya kofia, kofia ikaenda upande, vijana wa nyuma takbiir, simu zimemzunguka usoni kila mtu anataka kuweka stetasi. Mtoto akatoka faawaa, mwisho wa ya sita, akarukia faaghnaa, mwisho wa ya nane, akajishtukia, akarudi nyuma, akakwama. Emsii kachukua maiki kasema mpeni takbiir mwakani atajitahidi, na kasida ikaingia.

Na we unajua yule mtoto hana baba wala mama. Aya waliyomkatizia ndo ile Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake, je hakukukuta yatima akakupa makazi? Yatima kasimama mbele yetu anatusomea habari ya yatima, na sisi tuko bize na noti. Mpaka leo nikikumbuka naumia, yani naumia kweli shoga.

Nimeanza kulisema hili Mama Swaumu kaniruka, eti sitaki watoto wasome hadharani, eti nimeanza mambo ya wale wasiotaka maulidi. Sio hivyo na we unanijua. Mi nataka wasome, tena wengi, tena hata wadogo kuliko yule. Si Ustadh alitusimulia kisa cha Amru bin Salama, kiko kwenye hadithi za Bukhari, kwao palikuwa penye maji misafara inapita, yeye anasikiliza wapita njia anazikamata aya mpaka zikamkaa kifuani. Watu wake waliposilimu wakatafuta nani ana Qur'ani nyingi, hakuna aliyemzidi, wakamtanguliza awasalishe na umri wake miaka 6 au 7. Nguo yenyewe fupi, akisujudu inapanda, mama mmoja akawaambia jamani hamumstiri msomaji wenu? Wakanunua kitambaa wakamshonea kanzu, na mwenyewe anasema hakuna kitu kilichowahi kumfurahisha kama ile kanzu. Wale walimwangalia mtoto wakaona kapungukiwa na nini. Wetu alikuwa amepungukiwa na mtu wa kushusha maiki tu.

Na kusikiliza nako ni ibada, hili ndo nataka mjomba alisikie. Aya ya 204 ya Suratul Aaraf iko wazi, ikisomwa Qur'ani isikilizeni na mnyamaze ili mrehemewe. Mtume mwenyewe (s.a.w.) alimwambia Ibn Masuud nisomee, yule akashangaa nikusomee wewe na wewe ndo umeteremshiwa? Akasema napenda kuisikia kwa mwingine. Akasomewa Suratun Nisaa mpaka aya ya 41, akasema inatosha, Ibn Masuud kutazama anaona machozi yanamtoka. Sasa huyo ni Mtume amekaa anasikiliza, sisi ni nani mpaka tumpigie kelele mtoto anayesoma?

Wanasema kutuza ni kumpa moyo mtoto. Sawa, nakubali, watoto wanapenda zawadi na wengine ile hela ndo daftari la shule. Ila kasida ina nafasi yake na Qur'ani ina yake. Mi nimependekeza liwekwe sinia moja mezani kwa Ustadh, wote wakishamaliza kusoma anayetaka kutoa anakwenda kutoa, wanagawana hata yule aliyekosea, si ndo tunafundishwa anayesoma kwa kukwamakwama na kutaabika ana ujira mara mbili? Na wasome wamekaa, jamvini, msahafu kwenye marufaa, kile kibao cha kuuwekea, mbele yao hata kama wamehifadhi, maiki ile fupi ya mezani. Kabla ya kila sura mtu asome tafsiri yake kwa Kiswahili taratibu, ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ipo pale chuoni, jalada limechanika lakini kurasa zote zipo, ili hata wale tunaokaa nyuma na watoto wachanga tujue tunasomewa nini. Nimejaribu kumwambia mtoto mwenyewe maana ya sura yake, tumekaa kibarazani, nimefika kwenye Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia, akaniuliza haya maneno anaambiwa Mtume peke yake au na mimi? Nikamwambia kaanza kuambiwa Mtume, na wewe yanakufikia. Akanyamaza, halafu akaisoma yote mpaka fahaddith mwisho bila kukosea hata irabu moja. Kwa hiyo kusoma anasoma, ni ule umati tu.

Sasa shoga kamati hawanisikilizi. Ustadh yuko upande wangu lakini ni mpole mno, na yule mweka hazina anasema watu wasipotuza hawatakuja, mapato ya pilau yatatoka wapi. Mwenye neno la mwisho ni mjomba wako na mjomba mtu anayemsikiliza ni wewe, tangu utotoni. Naomba umpigie. Usimtumie meseji, mpigie umweleze kwa sauti yako, usitaje Mama Swaumu wala mimi, sema tu umesikia.

La pili ni la huyu mtoto. Anakukumbuka ulivyokuwa ukiwasomea, juzi kaniuliza mwalimu wa kwanza yuko wapi. Mrekodie Wadhuha kwenye simu, pole pole, vituo vyote, ile sita saba nane irudie rudie, halafu mwishoni mtaje jina lake umsalimie. Nikimwekea ile sauti nadhani atalegea. Asipolegea simlazimishi, hata bibi yake nimemwambia hivyo.

Haya niambie, utampigia lini? Baada ya Isha ndo anakaa nyumbani, bado una namba yake ya zamani au nikutumie mpya? Huko Dodoma chuo cha wanao wanafanyaje siku ya kusoma, wanakaa au wanasimama, na watu wanatulia? Na wewe mwenyewe utakuja kweli au ndo safari hii tena shemeji ana kazi? Ukija unaweza kukaa na wale wadogo nyuma ya pazia kabla hawajatoka, uwashike mikono? Kamati inakaa tena Ijumaa, nijibu kabla.

Wasalaam, wabusu watoto.
Shoga yako, Tanga