Sauti kupishana na picha si sababu ya kuuziwa televisheni mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi mafundi wa kompyuta na wauzaji wa vifaa vya sauti waache kutoa jibu moja kwa tatizo lenye vyanzo vingi. Siku hizi watu wengi wananunua kompyuta ndogo zilizokwisha kutumika maofisini, wanaziunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI, na sebule inageuka ukumbi wa sinema. Raha hiyo huharibika pale mlango wa kwenye filamu unaposikika ukigongwa kabla mkono haujaufikia, au mwigizaji anapofumba mdomo huku maneno yake yakiendelea kusikika. Mteja akilalamika, huambiwa televisheni imechoka, au spika si orijino, au aongeze RAM, ilhali mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika.

Swali la kwanza ambalo fundi anapaswa kuuliza halina gharama: je, pengo kati ya sauti na picha ni lilelile tangu mwanzo wa filamu, linaongezeka kadiri filamu inavyosonga, au linakuja na kuondoka? Bila jibu la swali hilo, ushauri wowote unaofuata ni wa kubahatisha.

Pengo lisilobadilika kwa kawaida hutoka kwenye njia ambayo picha na sauti hupitia. Televisheni za kisasa huishika picha kwa muda ili ziisafishe na kulainisha mwendo wake, na kazi hiyo inaweza kuichelewesha kwa makumi ya milisekunde (milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde), wakati mwingine zaidi ya 100. Ikiwa sauti imetoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye amplifaya kwa waya wake, itafika kabla ya picha, na hilo ndilo linalokera zaidi. Katika pendekezo lake la mwaka 1998 kuhusu utangazaji, shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilieleza kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini inapochelewa hadi karibu 125 bado anaweza asiigundue. Sababu yake inaeleweka. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo anayemtazama mtu akipasua kuni ng'ambo ya shamba huona shoka likitua kwanza, ndipo mlio ukafuata. Hakuna aliyewahi kusikia mlio kabla ya shoka. Dawa hapa ni kuiweka televisheni katika hali ya gemu, ambayo huruka sehemu kubwa ya usafishaji huo, au kuichelewesha sauti kwenye mipangilio ya amplifaya.

Spika za Bluetooth zina ugonjwa wa kinyume, maana sauti hufungashwa, hurushwa na kufunguliwa upande wa pili, na safari hiyo mara nyingi hula milisekunde 150 au zaidi. Nimemshuhudia muuzaji akimwelekeza mteja aongeze namba ya ucheleweshaji kwenye saundiba ya namna hiyo, jambo ambalo linaongeza tatizo, kwa kuwa mpangilio huo huweza kuirudisha sauti nyuma tu. Kompyuta, tofauti na king'amuzi kinachopokea matangazo ya moja kwa moja, ina faili zima mkononi na hivyo inaweza kuiwahisha sauti. Katika programu ya VLC, kila mbonyezo wa herufi J huiwahisha sauti kwa milisekunde 50, na herufi K huichelewesha kwa kiasi hichohicho. Tafuta mtangazaji wa habari anayeonekana uso kwa karibu, umtazame midomo anapotamka maneno kama "baba" na "mama", ambayo hayatamkiki bila midomo kukutana, kisha bonyeza hadi mkutano huo uendane na sauti. Waya wa kawaida, hata hivyo, ungekuepusha na yote hayo.

Pengo linaloongezeka ni jambo jingine kabisa, na hapa kubonyeza J na K ni kujichosha. Kwa kawaida chanzo chake ni faili lenyewe. Filamu hupigwa kwa fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde, lakini nakala nyingi za video hukimbia kwa 23.976, na matangazo ya televisheni katika nchi zetu hutumia 25. Mtu akichukua sauti ya nakala moja na kuibandika kwenye picha ya nyingine, jambo linaloweza kutokea kwa urahisi katika filamu za kutafsiriwa, tofauti ya 24 na 23.976 pekee hufikia zaidi ya nusu sekunde katika dakika 10. Faili kama hilo linahitaji sauti yake ivutwe au ibanwe upya, ama mtu atafute nakala nyingine.

Pengo linalokuja na kuondoka, hasa likipotea ukiisogeza filamu mbele kisha likarudi, huonyesha kompyuta imezidiwa. Prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2013 na bado inauzwa kwa wingi, haina sakiti ya kufungua video zilizobanwa kwa mfumo wa H.265, hivyo picha inaweza kubaki nyuma huku sauti ikiendelea na safari. Jaribuni filamu ileile katika mfumo wa zamani zaidi wa H.264, na mfungue kasha mtoe vumbi kabla ya kununua chochote.

Ombi langu kwa wenye maduka ni kwamba waache kumwonjesha mteja spika kwa muziki wa kishindo, kwa kuwa muziki wa kusikiliza tu hauwezi kufichua ucheleweshaji hata wa robo sekunde; wawashe taarifa ya habari, mteja aangalie midomo. Na fundi anayeitwa nyumbani aandike kwenye risiti amekuta pengo la aina gani kabla hajataja bei ya kifaa.

Msomaji wako,
Tanga