Mada ya Jumapili: askari Mahjub bin Adam, kutoka Dar hadi Berlin

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Jumapili tunamjadili Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904, mtoto wa askari Msudani. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipoanza 1914 alikuwa na miaka 10 tu, akaingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, akatekwa na Waingereza.

Mwaka 1929 alihamia Berlin, akadai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Walimkatalia! Akaishi kwa kuhudumu mgahawani, kuigiza filamu na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimkamata 1941. Alifia kambi yao ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, tarehe 24 Novemba 1944.

Mnaotaka kumtafuta kwenye nyaraka, msishike jina moja. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, na Husen huandikwa pia Hussein. Ukitafuta "Mahjub" peke yake unaweza kuambulia patupu. Kumbukumbu za wafungwa wa kambi zinatafutwa bure mtandaoni kwenye Arolsen Archives, hifadhi ya nyaraka za waathirika wa Wanazi. Majalada ya wizara ya makoloni yako Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani), Berlin, fungu R 1001. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, kwa hiyo pigeni picha ukurasa mzima, namba ya jalada ikionekana, tuwapelekee wanaoweza kuusoma.

Walioko Berlin, jiwe lake la kumbukumbu liko Brunnenstraße 193. Naomba picha ya jiwe hilo kabla ya Jumamosi jioni.