Barua ya Wazi kwa Katibu Mtendaji wa SADC: Hati Moja kwa Vijana Wanaosafiri kwa Vikundi

Kwa Katibu Mtendaji,
Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC),
Gaborone, Botswana.

YAH: OMBI LA HATI MOJA YA SAFARI KWA VIKUNDI VYA VIJANA

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na nafanya hivyo kwa haki. Agosti 2019, wakuu wa nchi zetu walipokutana Dar es Salaam, waliipokea lugha hii kuwa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Basi naomba barua hii isomwe kama nilivyoiandika.

Mimi ni kiongozi wa kikundi cha Skauti mjini Morogoro. Juni iliyopita, shule zilipofungwa, tuliondoka na vijana 22 wa miaka 14 hadi 17, viongozi tukiwa watano, kwa safari ya siku 21 ya kujitolea na kutembea: Zambia, Zimbabwe, Botswana, kisha nyumbani. Wote 22 walirudi salama, Mungu ashukuriwe. Lakini waliofika kila mahali tulipopanga ni 21. Naandika kwa ajili ya yule mmoja.

Tulipandia treni ya TAZARA pale Ifakara. Vijana wengi walikuwa hawajawahi kulala ndani ya treni, na usiku wa kwanza hakulala mtu. Niliwaeleza kwamba reli hii ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwenye nchi zilizokuwa bado mikononi mwa serikali za walowezi. Kati ya Mlimba na Makambako, mahandaki na madaraja yalipoanza kufuatana, kijana mmoja ambaye babu yake alifanya kazi kwenye ujenzi ule alisimama dirishani asitake kukaa. Alikuwa anahesabu.

Huduma yetu tuliifanya katika shule moja ya msingi nje ya mji wa Livingstone, siku tisa, bega kwa bega na Skauti wenyeji. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na athari zake tulizikuta bado zipo: familia zilizouza mifugo, bustani ya shule iliyokufa. Tulikarabati madawati, tukachimba makinga maji na mashimo ya kupandia yanayotunza unyevu, tukaiwekea bustani uzio mpya. Jioni, kazi ikiisha, watoto walikaa kulinganisha maneno. Kwa Kitonga mtu ni *muntu*, maji ni *meenda*, na ng'ombe ni ng'ombe. Siku ya tatu walikuwa wanataniana bila mkalimani.

Aliyeongoza kazi ya uzio ni binti wa miaka 15, kiongozi wa kikosi cha Kanga. Ndiye aliyechora ramani ya safari yetu nzima na kuibandika ukutani klabuni miezi minane kabla. Analelewa na bibi yake. Baba yake hajulikani alipo, na cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mama tu, ambaye ni marehemu. Tulikuwa na barua ya bibi, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha kifo cha mama, pasipoti iliyogharimu shilingi 150,000 alizochangiwa na kikundi, na kadi ya njano ya chanjo. Katika mpaka mmoja kati ya tuliyovuka, karatasi hizo zilionekana hazitoshi. Ilitakiwa saini ya baba. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi jua likakaribia kuzama, kisha nikalazimika kuchagua: kikundi kizima kirudi, au yeye abaki na mmoja wa viongozi wetu wa kike, watuzungukie kwa njia nyingine. Alichagua yeye kabla yangu. Alinikabidhi ramani akasema, "Mkuu, wekeni alama kila mnapofika, nitanakili."

Sitautaja mpaka huo wala sitasema ni wapi binti huyo hakufika, kwa sababu afisa aliyetuzuia alikuwa anatekeleza wajibu wake, na aliutekeleza kwa upole. Watoto wa ukanda wetu wanauzwa, Mheshimiwa. Afrika Kusini ilipoanzisha Juni 2015 sharti la cheti chenye majina ya wazazi wote wawili, kabla ya kulilegeza baadaye, sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo, na ni sababu ya kweli. Siombi macho ya mipakani yafumbwe. Naomba afisa apewe kitu anachoweza kukiamini.

Nilibeba faili lenye karatasi zaidi ya mia moja. Kila mpaka uliuliza kwa namna yake: huku nakala iliyothibitishwa na wakili, kule nakala halisi, kwingine barua ya ridhaa yenye tarehe isiyozidi miezi kadhaa. Hakuna fomu hata moja niliyoona kwa Kiswahili. Ninachopendekeza ni karatasi moja ya kikundi: majina na picha za vijana wote, jina na namba ya pasipoti ya kila kiongozi, njia ya safari, na muhuri wa afisa ustawi wa jamii wa wilaya anayethibitisha mara moja tu, nyumbani, nani ni mlezi halali wa kila mtoto na kwamba ameridhia. Nchi zote 16 ziitambue. Mtoto anayelelewa na bibi athibitishwe pale bibi anapojulikana, na watu wanaomjua.

Jambo hili si geni. Umoja wa Ulaya ulikubaliana mwaka 1994 juu ya orodha ya pamoja ya wanafunzi wanaosafiri na mwalimu wao. Na hapa kwetu, tangu Novemba 2014, Zambia na Zimbabwe zimekuwa na viza ya pamoja ya KAZA (eneo la hifadhi la Kavango-Zambezi): mtalii kutoka mbali hulipa dola 50, akavuka daraja huku na huku, hata akaingia Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula. Iliwezekana kwa mgeni. Kwa mtoto wa ukanda wenyewe, itifaki ya kurahisisha watu kutembea ilitiwa saini Gaborone mwaka 2005, na hadi leo inasubiri nchi za kutosha kuiridhia.

Nikueleze kidogo safari hizi zinawapa nini vijana, ili ujue ninachokipigania. Daraja la Mosi-oa-Tunya (Maporomoko ya Victoria), lile la 1905, tulilivuka kwa miguu. Maporomoko yana upana wa kilomita 1.7 na kimo cha mita 108, na mwezi Juni maji bado ni mengi. Skafu zetu zililowa utadhani tumezifua. Katika vilima vya Matobo, karibu na Bulawayo, ndipo Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipojifunza sehemu kubwa ya ufundi wa skauti mwaka 1896. Aliandika kwamba wenyeji walimwita Impeesa, yaani mbwa mwitu asiyelala. Kijana mwenyeji aliyetutembeza akacheka: kwa Kindebele *impisi* ni fisi. Wetu wakarukia mara moja, fisi na *impisi*, neno ni moja! Kisha wakauliza alikuwa anafanya nini pale, nami sikuwaficha: alikuwa askari katika vita vya kuwanyang'anya watu hao nchi yao, na mwaka huo huo aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa mateka, apigwe risasi. Tulikaa kimya muda mrefu juu ya miamba ya Malindidzimu. Binti mmoja aliuliza kama tunapaswa kuvua skafu. Tulizungumza mpaka giza likaingia, na hawakuzivua, ila ahadi ya Skauti waliyoitamka kesho yake asubuhi waliitamka polepole kuliko nilivyowahi kuwasikia.

Huko Great Zimbabwe, jina lenyewe liliwafundisha kabla ya mwongozaji: *dzimba dza mabwe*, nyumba za mawe. Kuta zinafikia mita 11, bila tope wala saruji kati ya mawe. Sarafu iliyotengenezwa Kilwa imepatikana humo. Watu wa pwani yetu na watu wa nyanda hizo walishafanyiana biashara ya dhahabu karne nyingi kabla mipaka hii haijachorwa.

Jambo la mwisho ni la mji wangu. Hapa Morogoro tuna Mazimbu. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, vijana wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, wengi wakiwa na umri wa hawa wangu, wengi bila karatasi yoyote. Tanzania iliwapa ardhi, na ANC, chama chao cha ukombozi, ikajenga hapo shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Hakuna aliyewadai saini ya baba. Wazee wa Mazimbu bado wanakumbuka nyimbo zao. Makaburi ya waliofariki wakiwa uhamishoni yapo pale, na kikundi chetu huyasafisha kila mwaka; yeye wa kikosi cha Kanga hajawahi kukosa.

Rasimu ya hati ninayoiomba tunayo tayari, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Vijana waliiandika wenyewe tuliporudi, na nafasi ya jina la mlezi amechora yeye, kubwa, juu kabisa. Naweza kuituma kwa njia yoyote ofisi yako itakayoelekeza, au kuileta Gaborone kwa mkono. Ramani imebandikwa tena ukutani. Tunaondoka Juni.

Wako katika utumishi,

Kiongozi wa kikundi cha Skauti,
Morogoro, Tanzania.