Elimu bila ada haijamfikia mtoto mwenye ulemavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie haki ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu katika jiji letu la Dar es Salaam. Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha sita. Sisi wazazi tunaishukuru kwa dhati. Hata hivyo, kwa mzazi wa Chanika au Mbagala ambaye mtoto wake hasikii au haoni, ada haikuwa mzigo mkubwa kuliko yote. Shule ya jirani mara nyingi haina mwalimu anayejua lugha ya alama wala nukta nundu, na zile zinazowapokea watoto hao, kama Uhuru Mchanganyiko na shule ya viziwi ya Buguruni, ziko mbali na nyumbani. Hivyo mzazi hulipa nauli ya watu wawili, kwa sababu mtoto huyo hawezi kuachwa agombanie daladala alfajiri peke yake, na anayemsindikiza huchelewa kazini au huikosa kabisa.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 24 inataka elimu ya msingi iwe bure na kila mwanafunzi asaidiwe kulingana na mahitaji yake, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tunachokosa, kwa maoni yangu, ni mpango ulioandikwa kwa jina la mtoto, unaotaja atakachopewa, nani atampa na lini.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliziagiza shule za umma ziandae mpango wa namna hiyo pamoja na mzazi, huduma zote zitolewe bila malipo, usafiri ukiwamo pale unapohitajika, na mzazi asiyeridhika awe na mahali pa kupinga. Najua nitaambiwa kwamba wenzetu ni matajiri. Lakini mwalimu na mzazi kukaa pamoja na kuandika mahitaji ya mtoto mmoja hakuhitaji utajiri.

Baraza letu la Mitihani tayari huwaandalia watahiniwa wasioona mitihani ya nukta nundu, na wenye uoni hafifu maandishi makubwa. Inauma kwamba mahitaji hayo yanatambuliwa siku ya mtihani, ilhali kwa miaka saba ya darasani mtoto huyohuyo huenda hakuwa na kitabu hata kimoja anachoweza kukisoma.

Naziomba halmashauri za jiji na manispaa zetu zianze na usafiri: zitenge katika bajeti ijayo fedha za nauli ya mwanafunzi mwenye ulemavu na msindikizaji wake, na zimtake kila mwalimu mkuu aandike mpango wa kila mtoto wa aina hiyo na kumpa mzazi nakala yenye saini.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam