Mikanda ya picha ya zamani isitiwe kwenye dawa ya rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasomaji wenzangu wanaotaka kujisafishia nyumbani, yaani kuzitoa picha kwa dawa, mikanda ya picha za rangi iliyoachwa na wazee wao, kwa kuwa kosa nililolifanya mimi halina marekebisho.

Baada ya kumzika marehemu baba, tulikuta ndani ya bati la biskuti mikanda miwili ya Kodacolor-X, mikanda ya rangi ya zamani ya kampuni ya Kodak, ambayo haikuwahi kusafishwa. Nilikuwa na dawa za rangi za siku hizi, za mfumo wa C-41, nikazipasha hadi karibu nyuzi 38 kama maelekezo yanavyotaka, kisha nikazimimina kwenye tangi. Nilipolifungua, utando wenye picha ulikuwa umelainika na kubanduka, unaelea kama malai juu ya maziwa, na mkononi nikabaki na ukanda mtupu wa plastiki.

Mikanda hiyo ilikuwa ya mfumo wa C-22, uliotumika kabla C-41 haijaingia mwaka 1972, na dawa zake zilihitaji joto la nyuzi 24 hivi tu. Jina la mfumo lilikuwa limeandikwa kwenye kasha, nililiona, nikalipuuza.

Mkanda wa pili niliusafisha kwa dawa ya picha nyeusi na nyeupe, kwa nyuzi 20, tangi likiwa ndani ya beseni la maji niliyoyapooza kwa barafu, maana maji ya bomba hapa Tanga hayafikii ubaridi huo. Kwa maoni yangu, hata mkanda wa C-41 uliokaa miongo kadhaa katika joto la pwani ni salama zaidi ukisafishwa hivyo. Dawa ya rangi hujenga picha ya fedha pamoja na rangi, kisha hatua inayofuata huiondoa fedha na kuacha rangi peke yake. Rangi ikiwa imetoka dhaifu, hakuna pa kurudi. Dawa ya nyeusi na nyeupe huiacha fedha mahali pake.

Negativu, yaani picha za ukandani ambazo weusi na weupe wake umegeuzwa, zilitoka zimekolea weusi na zenye ukungu, lakini nilipoziweka mbele ya mwanga, nikazipiga kwa simu na kugeuza weusi kuwa weupe, alionekana bibi amekaa mkekani anasuka ukili, na mguu wa mtoto umeingia pembeni. Ndiyo picha pekee ya bibi tuliyo nayo. Mkanda wa kwanza ulikuwa na picha 12.

Msomaji wako,
Tanga